Siku Saba Bila Redio

Gungu,
Kigoma.
Jumapili, 16 Februari 1997

Mpendwa mdogo wangu Feliksi,

Mwakeye! Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Honorata na watoto wote. Je, kile kifua cha Nickson kimepoa, au bado mnamlaza karibu na dirisha? Niliwaandikia mumpe asali na limau. Sijui kama mlinisikiliza, maana nyie watu wa Dar mkishapata duka la dawa mlangoni hamsikii la mtu. Huku kwetu tunapumua. Miguu yangu inavimba jioni na mgongo ndio ule ule. Nikisema sijambo nitakuwa nimekudanganya, ila wacha nikusalimu kwanza kama tulivyofundishwa.

Mvua imenyesha vya kutosha. Kule Kalinzi maharage yamebeba, na migomba ya marehemu mama bado inatoa ndizi, ingawa nusu zinaliwa na majirani kabla hazijanifikia. Dagaa wameadimika kwa sababu mitumbwi mingi siku hizi inavusha watu badala ya kuvua. Mji umejaa. Ukishuka ziwani unakuta watu wamekaa na magodoro, mbuzi, cherehani, kila mtu na kile alichowahi kukishika alipokimbia. Ukiwatazama sana unaona aibu kwamba wewe una mlango wa kufunga.

Barua yako Noel aliniletea mwenyewe hadi nyumbani, bado kavaa sare yake ya treni. Mungu ambariki kijana yule. Unaniuliza nichague redio ipi kati ya mbili ulizoziona dukani, zote za kuzungusha kwa mpini, zisizotaka betri wala umeme. Moja ndogo, ina tochi na king'ora na tundu la kuchomeka waya wa sikioni. Ya pili kubwa na nzito, ina kamani ndani kama saa ya mezani, na sauti yake nene. Ungeniuliza mwezi wa kumi na mbili ningekujibu kwa mstari mmoja. Sasa itabidi nikujibu kwa kirefu, na usome hadi mwisho, usirukerukie, nakujua.

Umeme wetu unaujua. Jenereta la mji likikosa mafuta tunakaa gizani, na mara hii ni tangu kabla ya Krismasi. Betri nazo zimekwisha madukani, kila mtu anasikiliza vita. Tunazianika zilizokufa juu ya bati, tunazing'ata, tunazigeuzageuza, redio inakohoa maneno mawili inanyamaza. Kwa hiyo wazo lako la redio ya mpini ni zuri, na nakushukuru. Umekuwa na akili tangu ukiwa mdogo, sema tu sikupenda kukuambia.

Binti yangu Edina, tangu vita viingie kule alikoolewa Uvira mwezi wa kumi, tulipoteza habari zake kabisa, yeye na mumewe Elikana na mtoto. Waliovuka walisema wameonekana wakikimbia kwa miguu kuelekea kusini, kandokando ya ziwa. Basi. Tangu siku hiyo kazi yangu duniani ikawa moja, kusikiliza ile idhaa inayosoma majina ya watu waliopotezana. Inasoma kila siku saa kumi na moja jioni, kwa Kirundi na Kiswahili. Jina la mtu, jina la baba, alikotoka, aliko sasa, anamtafuta nani. Halafu jina lingine. Nusu saa nzima ni majina tu.

Redio niliyokuwa nikisikilizia si yangu. Ni ya Asnath, mama wa Kirundi ninayeishi naye. Nilimpa kile chumba cha uani wakati anasubiri kupelekwa kambini, naye alikuwa amepewa redio na watu wa misaada pale ufukweni. Ni ya mpini, ya aina hiyo kubwa unayoisema. Unazungusha mara sitini, bega linawaka moto, halafu inasema nusu saa bila kuomba kitu. Asnath anamtafuta mumewe, Dismasi. Tulikuwa tunazungusha kwa zamu, yeye thelathini, mimi thelathini, na wanawake wa jirani wanakaa uani na kunde zao wanachambua huku wanasikiliza. Mtu akitajwa wa huko kwao, kazi zinasimama wote tunamtazama.

Tarehe kumi Januari akafariki shemeji yangu mkubwa, Mzee Crispin. Nilikupigia simu ya upepo kupitia ofisi yenu, natumaini ulipata. Unajua msiba wa kwetu ulivyo. Siku saba hakuna jembe shambani, hakuna ngoma, hakuna redio. Watu walijaa uani, wazee wamekaa na moto wao, akina mama ndani kwenye mikeka.

Sasa nisikilize vizuri, maana jambo hili sijamwandikia mtu mwingine. Hakuna aliyeniambia niizime ile redio. Hakuna, Feliksi. Wala mzee mmoja hakufungua mdomo. Mimi mwenyewe, kabla maiti haijatoka hospitali, niliichukua, nikaifunga kwenye kanga, nikaisukuma chini ya kitanda. Nilitaka ukoo wa marehemu mume wangu waone Domitila ana adabu. Miaka yote wamenisema kwamba mdomo wangu mrefu, kwamba naendesha nyumba kama mwanaume, basi nikasema mara hii watakosa la kusema. Na kweli, Mzee Martini alinisifu mbele za watu. Nilifurahi! Nilifurahi kweli, mjinga mimi.

Siku ya pili Asnath alinifuata jikoni. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, nipe niende nayo kule nyuma ya choo. Nitaweka sikio tu, hakuna atakayejua."

Nikamjibu, "Asnath, hapa tuna msiba. Au kwenu Burundi mtu akifa mnacheza dansi?"

Alisema "Mana yanje" tu, yaani Mungu wangu, akainama akaendelea kumenya ndizi. Redio yake mwenyewe. Aliipokea kwa mikono yake pale ufukweni, na mimi nikamnyima. Hakuiomba tena hadi tulipoanua matanga.

Tulipoanua tukairudisha uani, tukazungusha, tukasikiliza kama kawaida. Majina, majina. La Edina hamna. Nikawa najipa moyo kwamba bado watamfikia.

Mwishoni mwa Januari akateremka Regina, yule binti wa mama mdogo anayeuza kahawa Kalinzi, kaja na mkungu wa ndizi kunipa pole ya msiba. Hata hajakaa vizuri akaniuliza, "Mtoto yuko wapi? Mmemlaza?"

"Mtoto gani?"

"Wa Edina. Si umeshakwenda kuwachukua?"

Feliksi, nilishika mlango. Regina alimsikia kwa masikio yake, siku tatu mfululizo, kule wanakomenya kahawa, katikati ya siku zile saba. Edina binti Telesphory wa Gungu, Kigoma, yuko Kalemie, ana mtoto mgonjwa, mumewe amepotea njiani, anamtafuta mama yake Domitila, na kwamba kuna meli ya mizigo inakubali kuvusha watu wenye ndugu wa kuwapokea. Wote pale kwenye kahawa walipiga vigelegele. Nikamuuliza kwa nini hakuja kuniambia. Akasema, ningekuja kukuambia nini wakati mwenye redio ni wewe? Tena nyumba ina msiba, niingie pale na furaha mdomoni, watu wangenionaje? Nilitaka kumpiga. Halafu nikaona hana kosa, ni adabu ile ile yangu.

Nilikwenda bandarini siku hiyo hiyo nikiwa na kanga moja. Ile meli ya mizigo ilikuwa imekwishakuja na kuondoka tena, na haitarudi, kwa sababu vita vinakaribia Kalemie na wenye meli wanaogopa. Siku chache baadaye tukasikia mji umetekwa na watu wamekimbia tena. Kwenye ofisi inayopeleka majina walinijazia fomu, wakasema wataisoma. Wataisoma, sawa, lakini anayekimbia porini na mtoto mgonjwa mgongoni anasikilizia wapi?

Sili, Feliksi. Asnath ananilazimisha uji, na kila nikiutazama uso wake nakumbuka lile neno langu la dansi. Dismasi wake hajasomwa hadi leo, au labda alisomwa ndani ya zile siku saba, nani atatuambia? Hajanilaumu hata kidogo. Heri angenitukana.

Kuhusu redio, nilifikiri kwanza nikwambie ununue ile ndogo, kwa ajili ya tundu la waya wa sikioni. Nikasema, msiba ukitokea tena nitachomeka sikioni chini ya mtandio na hakuna atakayejua. Halafu nikajiona nimerudi kule kule, kujificha watu wasiseme. Tena ile ndogo nimeiona kwa mwalimu mmoja hapa Gungu. Mpini wake ni kama wa kuchezea watoto, umekwishalegea, na sauti yake ukiondoka hatua kumi huisikii. King'ora cha nini huku? Nunua kubwa. Hakikisha inashika masafa mafupi. Zungusha hapo hapo dukani mara sitini, uiache iseme mpaka inyamaze yenyewe, usikubali mwenye duka akuharakishe. Sikiliza kama kamani inagongagonga ndani. Nataka sauti ifike hadi kwa jirani wa nne. Siku nikiwa mgonjwa au nimelala, mwingine asikie. Na hapa uani haitazimwa tena hata afe nani, wakitaka waniite mchawi.

Nimezunguka sana kwa sababu naogopa kufika hapa. Jumatano iliyopita tulikuwa uani, mimi na Asnath na wanawake wengine sita. Zamu ya kuzungusha ilikuwa yangu. Nusu saa ilikuwa inaelekea kwisha ndipo nikasikia jina lake. Edina binti Telesphory wa Kigoma, yuko Moba. Nikainuka, nikapiga kelele, Asnath akanikamata mkono niendelee kusikia. Msomaji akasema, pamoja na mtoto mmoja. Akasema, binti wa marehemu Domitila wa Gungu. Akasema, anamtafuta mjomba wake Feliksi aliyeko Dar es Salaam.

Wanawake wote waliinamia kunde zao. Hakuna aliyejua anitazame wapi. Redio ikasoma jina lingine, la mtu wa Bujumbura.

Alhamisi nilifika ofisini kabla hawajafungua. Karani pale ni kijana mpole, mtu wa Singida. Alinisikiliza, akatafuta karatasi, akaniambia, "Mama, humu jina lako lipo kama marehemu, na anayetafutwa ni mjomba. Jibu la haraka ni la mjomba. Nikituma la kwako wataanza kwanza kuulizana huyu Domitila ni yupi, na kule hakuna muda." Nilimwonyesha kitambulisho. Akasema anaamini, mama, naamini kabisa.

Kwa hiyo nakuomba, ukimaliza kusoma tu usikae. Weka barua chini uende. Simu ya upepo nimeijaribu tangu Alhamisi haishiki, ndiyo maana nampa Noel barua hii aje nayo kwa treni ya leo. Ofisi yao Dar ipo, karani ameniandikia mahali penyewe kwenye karatasi niliyoambatisha. Sema wewe ndiye Feliksi, mjomba wa Edina, na unampokea. Ndipo uwaambie mama yake yu hai. Redio itakuja baadaye, isikucheleweshe hata siku moja. Moba nako vita vinaelekea, watu wa ziwani wanasema ni siku za kuhesabu.

Usimlaumu kwa kuniita marehemu, wala usidhani kuna mtu mbaya aliyemdanganya. Mwaka jana mwezi wa nane alipokuwa anarudi kwa mumewe, nilimsindikiza hadi bandarini. Alilia, akasema kule kumechafuka na anaogopa kupotea. Mimi na mdomo wangu huu nikamcheka. Nikamwambia, "Wewe niite tu, popote ulipo. Ukiona umeniita sikuja, ujue nimekufa." Aliniita siku tatu, Feliksi.

Nisalimie Honorata, mwambie vile vitenge vilifika na nilimzikia navyo shemeji. Msalimie Nickson na mdogo wake, na Shadia jirani yenu aliyeniuguza nilipokuja huko. Regina anawasalimu, na Mzee Martini pia. Asnath hakujui lakini anakuombea kila asubuhi kwa jina lako, kwa sauti. Mungu wa baba yetu akutangulie njiani, akufungulie milango ya hao maofisa, na akiwa amebakiza rehema yoyote kwa ajili yangu ampe huyo mtoto aliyeko mgongoni.

Ni mimi dada yako akupendaye, ambaye sijafa,

Domitila