Rangi ya Mafuta na Mbayuwayu wa Barazani

Gaborone

Kwa ndugu yangu Hamisi, Kinondo,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako ya kwenye simu niliisikia, marahaba. Mfikishie mama shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma, kisha uniambie goti lake linaendeleaje tangu mvua zianze. Mimi ni mzima. Baridi ya huku imeingia. Nafundisha nimevaa sweta mbili, na wanafunzi wananicheka kwamba mtu wa pwani hupoa upesi kama chai.

Nimeandika kwa sababu simu hukatika kabla sijamaliza kueleza, nawe wanijua.

Jambo la mama kuhamia chumbani limenikaa moyoni. Umesema hataki tena kukaa barazani na chakula anapelekewa ndani, tangu mbayuwayu waliporudi na masika wakashindwa kujenga, kila tope wanalobandika likidondoka. Bi Mishi jirani naye akipita hutania kwamba mwaka huu mmeletewa mafundi wa kubomoa. Mama hacheki. Aliyoniambia kwa simu sijayasahau: "Hata ndege wameiona nyumba hii si ile, mwanangu. Wewe ukirudi utaijulia wapi?"

Hamisi, nia yako ilikuwa njema. Chokaa ilikuwa ikimchafulia leso kila akiegemea ukuta, ukaona upake rangi ya mafuta, ukapanda nayo mpaka kwenye boriti. Na kile kiota ulichokibandua kilikuwa kitupu kiangazi chote. Mtu yeyote angedhani kimeachwa.

Lakini hawa wetu, wenye kichwa cha rangi ya kutu na kifua cha milia, huondoka wakishalea. Waendako sina hakika. Wa hapa shuleni nao wametoweka baridi ilipoanza, ingawa sisemi ndio hao. Mvua ikileta tope na wadudu, hurudi pale walipofanikiwa kulea. Kiota kizee huwapunguzia kazi: hukitia viraka, hurekebisha ule mlango mrefu kama shingo ya chupa, hutandika nyasi na manyoya, kisha jike hutaga. Kuanza upya ni kubeba tope mdomoni, donge moja moja, na mvua haziwangojei.

Uliniuliza kwa nini wasihamie kwa Bi Mishi, kwenye ukuta wa udongo usio na rangi. Ni kwamba hawakumbuki kiota peke yake, wanakumbuka mahali. Watabandika tope pale pale, lidondoke, wabandike tena. Rangi ya mafuta haishiki tope. Msimu ukiwapita bila kulea, ndipo huenda wasirudi tena.

Basi chukua ubao wa mnazi usiorandwa, ule uliobaki kwenye banda la mbuzi. Upake chokaa nzito yenye mchanga, usiilainishe, uache ikauke. Kisha upigilie chini ya boriti, mahali penyewe kilipokuwa kiota. Usiusogeze kuelekea mlangoni ati upendeze. Mvua ikikatika, mwaga maji kando ya kisima wapate tope. Na usipande ngazi kuwachungulia. Wakiwa ndio wanaanza, hawapendi kusumbuliwa.

Halafu umwendee mama. Usimbembeleze. Mwambie nimemtuma kazi: akae barazani asubuhi asikilize, maana macho yake yamechoka lakini masikio yake yanatushinda sote. Tope likidondoka sakafuni, atalisikia. Likiacha kudondoka, anipigie simu yeye mwenyewe, si wewe.

Nisalimie mkeo Mwanaisha, na binti yenu anayejifunza kushona huko Ukunda. Bi Mishi naye umpe salamu, umwambie mafundi ni wazuri, walikosa kiunzi tu.

Swali la mama nalijibu mwenyewe, umsomee polepole. Shule imenitaka nibaki, nami nimewaambia muhula ukiisha ninarudi kwetu. Mama, mkeka wako usogeze kidogo ndege wasikudondoshee, lakini ule upande wa karibu na nguzo, nilipozoea kukaa, uniachie wazi. Nyumba nitaijulia hapo.

Kakako,
Bakari