Rodani Hafiki Kwao

Manundu, Korogwe
Jumatatu, 12 Mei 2025

Kwa dada yangu mpendwa Hamisa,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute mzima, na mama naye macho yawe yamempa nafuu, hata kama ni nafuu ya kuona mlango ulipo. Mimi mwili ni mzima, ila nimekasirika tangu Jumamosi na hasira zenyewe hazijapata pa kutua. Mvua huku imegeuza njia ya kwangu kuwa tope tupu, wateja wananiachia nusu ya shamba kwenye sakafu. Huko Mazingara mahindi yamesimama? Nyani je, wameshaanza fujo zao?

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Simu ya mama inatangazia mtaa mzima, na wewe mwenyewe kwenye simu huniachi nikamaliza sentensi. Hii utaisoma peke yako, na utake usitake utanisikiliza. Najua unachokitafuta ni habari ya ndoa yako na Sabiri, na kwa nini huu mwaka wa pili tarehe inasogezwa tu. Nitafika huko. Nivumilie nianze na kilichoniudhi, maana ndicho kilichonishikisha kalamu.

Unajua kibanda changu cha gemu kinavyokwenda. Televisheni tatu, mabenchi manne, feni moja inayozunguka ikijisikia. Wanaokuja ni watu wazima na kazi zao: bodaboda wakisubiri abiria, wauza duka wakati wa mchana mkali. Na kila mwaka, dada, kila mwaka nasumbuliwa na jambo moja. Gemu la mpira linatoka jipya. Ukilitazama ni lile lile, wamebadilisha jezi na kuongeza kijani kwenye nyasi. Lakini mteja akiona kwenye kioo namba ya mwaka jana anakunja uso kama kapewa kiporo kilichochacha. Ananiambia kibanda changu kimezeeka. Nyasi ndizo zimezeeka, au miguu yake?

Hilo la mpira nimelizoea. Linaloniua ni Rodani. Sijawahi kukueleza vizuri, ngoja nikueleze. Rodani ni askari kwenye gemu moja la mapigano, na kisa chake kinaendelea sehemu baada ya sehemu. Nilianza nalo nikiwa bado naazima pedi za kuchezea za watu. Katika sehemu ya kwanza vita imekwisha, Rodani anataka kurudi kwao. Basi. Jambo jepesi hilo, mtu anataka kurudi kwao. Akakaribia mlango, akatua mzigo, mtu akamfuata mbio kumwambia adui kafufuka. Rodani huyo, kageuza. Sehemu ya pili hivyo hivyo. Sehemu ya nne adui alianguka korongoni mbele ya macho yetu, tukashangilia mpaka jirani akaja kuuliza nani kafunga goli. Sehemu ya tano kumbe alishikwa na tawi. Sehemu ya saba tukaambiwa ana pacha. Pacha! Miaka yote hiyo mama yao hakuwahi kutaja kwamba alizaa wawili. Sehemu ya tisa wakaturudisha utotoni mwa Rodani, tukae tunamtazama anajifunza kupanda farasi, wakati tunajua kwamba ukubwani farasi hata hapandi.

Sehemu ya kumi ilipotoka, wenye gemu wakatangaza wenyewe kwamba hiyo ndiyo ya mwisho. Rodani alifika kwao. Alifungua mlango, wakaweka muziki wa polepole, maandishi yakapanda, na wanaume wazima kwenye mabenchi yangu wakafuta macho wakisingizia vumbi. Nami nilisema alhamdulillahi, yamekwisha.

Sasa mwezi uliopita imetoka ya kumi na moja. Dada, inaanza kwa kugongwa ule ule mlango.

Nilichukia, nikakitangazia kibanda kizima kwamba hawa watu wamepitiliza, kwamba kitu kizuri kina mwisho na wao wanatukamulia ng'ombe aliyekwisha kukauka. Kuanzia hapo ukawa ubishi wa kila siku, na Jumamosi ukafikia kilele. Godlisten, yule kinyozi wa mlango wa pili niliyewahi kukusimulia, akasema mimi nina makuu. Yeye angependa ziwe hata hamsini. Akauliza kama kuna mtu aliyewahi kuuchoka ugali kwa kuwa jana alikula ugali. Akasema akitoka kusimama kutwa na mashine mkononi hataki kufundishwa kitu kipya, anataka kumkuta Rodani pale alipomwacha, kama mtu anavyotaka kukuta kiti chake. Wenzake wakampigia makofi, na kusema kweli yalikuwa maneno ya mtu anayejua anachokitaka.

Grasiana akamjibu bila kuinua macho kwenye kioo. Grasiana ni fundi cherehani, na hapa Manundu hakuna mwanaume anayemshinda pedi, ingawa wote wana sababu. Alisema ugali unatamanika kesho kwa sababu leo ulikwisha kwenye sahani. Sahani isiyoisha hata mwenye njaa ataikimbia. Akasema kosa la wenye gemu si kurefusha, nguo hata yeye hurefusha. Kosa ni kwamba walishamwambia mteja nguo tayari, kaivaa, kajitazama kwenye kioo, halafu wanamvua barabarani waongeze pindo.

Ubishi ukiwa umenoga, akaingia Mzee Mustapha.

Naam, mshenga wa Sabiri mwenyewe, kutoka Mashewa, suruali imekunjwa mpaka magotini na kandambili ameshika mkononi kwa tope. Nilishtuka nusura nizime mashine. Nilimwamkia, nikampa benchi, nikamwomba anisubiri kidogo, kwa matumaini kwamba kidogo hicho kitakuwa kirefu. Akakaa akatazama kioo. Baada ya muda akamuuliza Godlisten yule kijana ni nani. Akaambiwa ni Rodani. Anakwenda wapi? Anarudi kwao. Tangu lini? Godlisten akamwambia kwa fahari kwamba tangu sehemu ya kwanza, sasa ni ya kumi na moja. Mzee akatikisa kichwa, akauliza kama huko kwao hana mtu anayemngoja.

Kibanda kizima kilicheka. Hakusema kwa busara yoyote, dada, usije ukafikiri alikuwa ananipiga mafumbo. Alikuwa mtu mwenye miguu michafu na njaa, aliuliza tu alichotaka kujua. Lakini mimi sikucheka, na Grasiana aliniona sikucheka.

Nilitoka naye nje, tukasimama chini ya bati la Godlisten. Hapo ndipo penye habari yako, na hapo ndipo naona aibu kuandika.

Dada Hamisa, watu wa Mashewa hawajawahi kuahirisha. Hata mara moja.

Baba alipofariki, na arobaini ikapita, ulimwambia Mzee Mustapha kwamba maneno ya tarehe ayalete kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mwanaume pekee niliyetoka tumboni mwa mama yetu na ndiye walii wako wa kukuozesha. Ulifanya kama inavyotakiwa. Naye alikuja hapa Manundu mara ya kwanza, akasema Sabiri yuko tayari, mahari ipo, nitaje siku. Nikamwambia bibi harusi anaomba asubiriwe mpaka mavuno. Kisha nikakupigia wewe simu, nikakwambia Mashewa wanaomba wasubiriwe, mwaka ulikuwa mbaya kwao. Ukasema basi, Mungu ndiye apangaye. Mara ya pili alikuja mwaka jana kabla ya Ramadhani. Kwake nikamsingizia mama, kwamba macho yamezidi na wewe huwezi kumwacha. Kwako nikasema Sabiri amefiwa na shangazi. Shangazi huyo hayupo, dada. Nilimzaa mimi na nikamzika mimi.

Nilijua sitagundulika, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Nilijua wewe huwezi kumpigia mwanaume kumuuliza atakuoa lini, ulishasema heri ufe. Nilijua na Sabiri ana adabu zake, hawezi kumruka mshenga na walii akamuuliza mchumba mwenyewe. Kila mmoja akakaa na heshima yake akimwona mwenzake ndiye anayesitasita, na mimi katikati nikaitumia heshima yenu kama pazia.

Utauliza kwa nini. Si kwamba Sabiri simpendi, nani asiyempenda Sabiri. Ni kwamba siku utakayotoka kwenda Mashewa, mama atabaki na nani? Kuhama hataki, tulishamwomba akakataa. Basi itabidi nirudi mimi. Nirudi Mazingara, niamke nafukuza nyani, nimshike mama mkono kumpeleka uani, na hapa nifunge. Nilikuwa najiambia si kukataa, ni kusogeza tu. Sehemu ya kumi ikiisha, wateja watapungua wenyewe, nitafunga kwa amani, nitarudi. Ikaisha. Sikufunga. Na habari za ya kumi na moja zilipofika, nilisimama mbele ya watu nikawatukana wenye gemu, lakini moyoni, dada, nilifurahi. Nilifurahi kama mwanafunzi aliyeambiwa mwalimu haji. Kelele zangu zote za mwezi mzima zilikuwa za kuifunika ile furaha.

Jumamosi Mzee Mustapha aliniambia hii ndiyo safari yake ya mwisho. Kwao Sabiri wameanza kumtajia nyumba nyingine. Yeye Sabiri amekataa kwanza, ila amesema kama Hamisa hamtaki, aambiwe hatakiwi, asizungushwe kama mtu anayeomba msamaha wa deni. Nami, Mungu anisamehe, neno lilikuwa tayari ulimini. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia tusubiri mpaka baada ya Idd.

Halafu nikawafikiria ninyi wawili kila mmoja akijiona hatakiwi, kwa ajili ya mabenchi manne. Nikamwambia kweli yote, pale pale, huku Godlisten akinyoa na kunisikiliza kupitia dirisha. Mzee hakupiga kelele. Alivaa kandambili zake na tope lake, akaniambia amekuwa mshenga wa ndoa kumi na tisa, ameshakutana na wazazi wenye tamaa na mabinti wenye kiburi, lakini kaka wa kumwibia dada yake miaka, mimi ndiye wa kwanza. Akasema maneno yangu hatayabeba tena. Alhamisi atakuja Mazingara aketi mbele yako na mbele ya mama, alisikie jibu kwako. Mwambie unalolitaka. Ukimtaka Sabiri, sema. Ukiona miaka hii imekutoa hamu, sema pia, na lawama ni yangu, nimeshalikiri hilo mbele yake.

Mashine nimemwachia Godlisten. Anasema atanunua na sehemu ya kumi na mbili ikitoka. Amfuate Rodani mpaka kaburini kama anapenda, haki yake. Mimi Jumatano nakuja Mazingara kukaa na mama.

Lakini dada, hebu tuambiane ukweli. Umeshanisikia mara ngapi nikisema nakuja? Mara ya mwisho mama alinipikia bada, ule ugali wake wa muhogo, mpaka ikaganda chunguni. Kwa hiyo sitaki safari hii muwe na haja ya kuniamini. Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine. Leo mchana nimeiandika mbele ya mashahidi wawili wa msikiti wa hapa, wametia sahihi zao. Nimempa Mwalimu Muhidini wa msikiti wa huko uwakala wa kukuozesha badala yangu, kwa mahari mtakayoelewana na siku utakayoitaja wewe. Mpelekee aisome, anazijua taratibu zake. Kuanzia karatasi hiyo itakapomfikia, ndoa yako hainihitaji.

Barua anaileta Grasiana, anayekuja gulio la huko kesho kuuza magauni. Nilitaka kuituma kwa basi, akaninyang'anya, akasema ananijua, ningeiweka mfukoni mpaka ifuliwe na shati. Mkaribishe chai. Ukimtazama vizuri bila shaka atakupima kiuno kwa macho, kazi yake hiyo, mwache akupime.

Nisalimie mama, mwambie mkono wa kumshika uko njiani, na kama ana la kunitukana aliweke tayari. Msalimie Mwalimu Muhidini na majirani wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia, wana sababu. Msamaha siuombi kwenye karatasi, nitauomba nikiwa nimesimama mbele yako ambapo unaweza kunifikia na mwiko.

Usipange siku kwa kunisubiri. Nikiwahi, nitakula pilau pamoja nanyi. Nikichelewa, kuleni.

Mimi ndugu yako,
Adamu