Kaseti ya Nehemia Imerudi

Nyumbani kwa Mama,
Jumanne, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kutoka chumba cha mbele, kwenye meza ile ile yenye mguu mfupi. Habari za huko? Mgongo umekuachia? Wifi yangu hajambo? Na wanangu, wanasoma au wananenepa tu? Huku sisi wazima. Goti linamsumbua Mama kukiwa na baridi, ila mdomo wake haujapata ugonjwa wowote. Mimi mwili mzima. Ya moyoni nitakueleza, na nakuomba usome mpaka mwisho hata ukikasirika.

Nianze na cherehani. Unaikumbuka ile ya kukanyaga ambayo Mama alimpa Mama Mdogo alipoolewa? Imerudi. Mama Mdogo haoni tena tundu la sindano, akasema bora irudi kwa mwenyewe kuliko kugeuzwa meza ya maua. Fundi niliyemwita kuitengeneza alipochomoa droo ya kushoto ili aipige msasa, kikaanguka kitu cheusi kutoka nyuma yake. Ilikuwa kaseti ya gemu ya shule ya Jumapili, ile ya Nehemia anajenga ukuta. Ile waliyosema umeiba.

Nilikaa sakafuni. Fundi alidhani nimeona panya.

Yeye hakujua ni kitu gani, ila alimjua anayejua: daktari wa meno mstaafu, nyuma ya posta, anayekusanya gemu za zamani. Nilikwenda. Mdogo wangu, sijawahi kuona chumba kama kile. Rafu mpaka darini, kila gemu ndani ya mfuko wake, mapazia yamefungwa jua lisije likapausha maboksi. Kiti cha kung'olea meno bado anacho, ndicho anachokalisha wageni. Nilikaa, nikajikuta nimepanua mdomo.

Akavaa glavu. Akachukua kioo chake kidogo cha meno, akachungulia ndani ya kaseti, akasafisha vile vipande vyake vya shaba kwa pamba na spiriti. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, unajua umeshika nini?"

Kumbe waliotengeneza walikuwa watu wachache, hawakuuza kwenye maduka ya vitu vya kuchezea bali kwenye maduka ya vitabu vya dini, na nyingi zilitupwa watoto walipokua. Hii ameitafuta miaka kumi na tisa, alikuwa hajaiona ila kwenye picha. Akaichomeka kwenye mashine. Ule muziki ukaanza! Nehemia akatokea na tofali lake kichwani, mdogo kama punje ya mchele. Nilipogeuka, daktari mzima, mwenye wajukuu, alikuwa anafuta machozi.

Akanitajia bei. Nilimwomba airudie. Ni paa jipya la nyumba hii, mabati yote na mifereji, na chenji inabaki. Akasema ingekuwa zaidi kama si maandishi ya kalamu nyuma yake, "Mali ya Shule ya Jumapili". Akachovya pamba ili ayafute. Nilimdaka mkono.

"Ni wino tu, dada, dakika mbili," akasema.

"Usifute, baba. Siyo yangu hiyo."

Sasa nakwambia. Mimi ndiye niliyeichukua. Ulinicheka mbele ya wenzetu kwa kuwa kila nikicheza ukuta unabomoka, nikasema basi na wewe hutaicheza. Niliificha nyuma ya droo, nia yangu niirudishe Jumapili. Ijumaa Mama akaitoa cherehani, ikapakiwa na droo zake zote. Jumapili kile kijitabu cha maelezo ya gemu kikakutwa kwenye begi lako, maana ulikuwa huchoki kukisoma, na kesi ikaisha hapo. Ukasimamishwa mbele ya kanisa zima. Baba akaamua ufagie kanisa kila Jumamosi, mwaka mzima. Ulikuwa na miaka tisa, mimi kumi na mmoja. Nilinyamaza kimya.

Kutoka kwa daktari nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wetu wa Jumapili. Bado yupo, anaishi na mwanawe fundi viatu. Nilimweleza yote. Nilitegemea anifukuze. Akaigeuza kaseti, akausoma mwandiko wake mwenyewe, akasema, "Najua."

Anasema Jumamosi moja alikukuta chini ya mabenchi na ufagio, akakwambia, "Mwanangu, sema ukweli basi ukacheze." Nawe ukamjibu, "Nikisema, atasimamishwa yeye." Ukamwomba asimwambie mtu. Na mwalimu akalitunza neno la mtoto wa miaka tisa kwa miaka thelathini na moja.

"Hii si ya kanisa tena," akaniambia. "Mdogo wako alishailipa kwa ufagio. Mpe mwenyewe."

Kwa hiyo ulijua! Tumekula sahani moja, umenishika mkono siku ya harusi yangu, umenibebea wanangu mgongoni, na muda wote huo ulijua. Daktari amezungukwa na vitu adimu, lakini kitu kama hicho hana. Siku hizi naingia jikoni nasahau nilichokifuata. Nasimama tu nakuwaza chini ya yale mabenchi.

Jumapili iliyopita nilisimama pale mbele uliposimamishwa wewe. Nilisema ni mimi, na kwamba wewe hukugusa kitu. Wengi hawakumbuki hata kisa chenyewe, lakini nilikisema chote. Mama alikuwa benchi la tatu. Tulipofika nyumbani akavua viatu, akasema, "Mwandikie barua. Kwenye simu utakata ukizidiwa."

Kaseti iko kabatini, na wino wake. Ni yako. Ukitaka iuzwe, daktari anasubiri. Ukitaka uletewe, nitaleta mwenyewe. Paa linaweza kungoja, Mama kasema, na mwenye paa ni yeye.

Anakusalimu sana, na Mama Mdogo pia. Nibusie wifi yangu na wanangu wote. Mungu aliyekupa moyo huo ungali mdogo akuzidishie siku, na akurudishie kila Jumamosi niliyokuibia.

Nina ombi moja. Nakujua, utataka kuniandikia kwamba yamekwisha. Usiniandikie hivyo. Niandikie ilikuwaje, ukitoka nyumbani asubuhi na ufagio wako, na mimi niko dirishani nakutazama unakwenda.

Wako akupendaye, sasa kuliko jana,
Dada yako