Nimetambulishwa Kama Mnufaika wa Programu Niliyoitengeneza Mwenyewe

Dada Teddy, shikamoo. Nakuomba uisome barua hii kipindini kwako redioni mpaka mwisho kabla hujanihukumu, na jina langu usilifiche, maana kufichwa jina ndiko kulikonifikisha hapa nilipo.

Naitwa Abuu Kombo, mzaliwa wa Bagamoyo, Mji Mkongwe, nimeoa, na mimi ni kipofu. Macho yalikwenda nikiwa sekondari kwa presha ya macho, na barua hii naiandika mwenyewe kwa kompyuta inayonisomea kwa sauti kila ninachobonyeza, hivyo usidhani kuna mtu amenitilia maneno mdomoni. Kazi yangu ni kutengeneza programu, lakini si zile za picha na vitufe, ni za lile dirisha jeusi la amri, unaandika neno, kompyuta inakujibu kwa maneno, basi. Wenye macho wanaliona la kizamani, ila kwetu sisi ndilo linalofaa, kwa sababu maandishi yanasomeka kwa sauti na picha haisomeki.

Miaka michache iliyopita nilitengeneza programu nikaiita Sebule. Mtu alikuwa anaandika amri moja tu kwenye kompyuta yake, hata iwe kuukuu, hata mtandao uwe wa kusuasua, anaingia kwenye seva niliyoiweka nyumbani kwangu, anataja jina, anawakuta wenzake wamo wanaongea, kila ujumbe na mstari wake, mmoja baada ya mwingine, na kompyuta inamsomea. Vipofu wakaanza kuingia, wa Kaole, wa Kerege, mpaka wa Pangani, wakawa wanabishana habari za mpira, wanapeana habari za magazetini, wengine wanachumbiana humo humo, na wenye macho nao wakaja, hasa wanafunzi, kwa kuwa haili bando. Aliyependwa kuliko wote alikuwa Mwalimu Klementina wa Kerege, mstaafu aliyepofuka uzeeni na anayeishi peke yake, kila asubuhi anaingia anasalimia watu wote kwa majina, na ukikosea tahajia anakusahihisha mbele ya kadamnasi, na hakuna aliyewahi kununa.

Sasa nina rafiki anaitwa Adrian, tulisoma naye chuo, na sitaki kumsema vibaya kuliko alivyo, maana ndiye aliyekuwa akinishika mkono kutoka bwenini hadi darasani wakati wengine wananiona mzigo, na kwenye harusi yangu alihangaika kuliko ndugu zangu wa damu. Yeye akaniambia Sebule ni kitu kikubwa, inatakiwa ipendezeshwe ili wafadhili waitazame, nami nikampa neno la siri la seva bila kumwekea mipaka yoyote, kwa sababu mipaka na mtu kama yule niliona ni matusi. Ndani ya dirisha lile lile jeusi akajenga fremu za mistari, akatia rangi, akaweka orodha ya watu pembeni na saa juu, na skrini nzima ikawa inajichora upya kila mtu anapoandika. Wenye macho wakasifu. Sisi tukiingia, kompyuta inatusomea mstari, mstari, mstari, kona, mstari, na kabla haijaufikia ujumbe wa mtu skrini imeshajichora tena na inaanza mwanzo. Nilipomweleza alisema atarekebisha, tumalize kwanza mashindano ya ubunifu aliyoiingiza Sebule.

Mwalimu Klementina akanipigia simu. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemuuliza daktari, "Abuu mwanangu, niambie ukweli, ni akili yangu imeanza kuchoka?" Nikamweleza kwamba kosa si lake, ni programu imebadilishwa, akasema amenielewa, lakini hakurudi tena, na baadaye nikasikia kompyuta yake amempa jirani.

Mashindano yakafanyika Dar es Salaam, na Sebule Mpya, kama wanavyoiita siku hizi, ikashinda. Nikaitwa jukwaani. Adrian akanishika mkono vile vile kama zamani za chuo, akasema kwenye kipaza sauti, "Huyu ni Abuu, mmoja wa wanufaika wetu." Watu wakapiga makofi. Mimi nikasimama nikimsubiri aendelee, nikidhani anavuta pumzi tu aseme kwamba huyu pia ndiye fundi, lakini hakuendelea, nikajikuta natabasamu kama mwehu, nikarudishwa kwenye kiti. Tulipokuwa tunarudi nikamuuliza kwa nini, naye wala hakukasirika, alinijibu kwa upole kabisa.

"Ndugu yangu, wafadhili wanataka kumwona anayesaidiwa. Ukiwa fundi wewe, anayesaidiwa atakuwa nani?"

Mwezi ujao kuna mkutano mkubwa zaidi na Adrian na wenzake wamekwishaniandikia hotuba ya kushukuru. Mke wangu Zaina anasema niende nikaisome. Adrian amemwajiri kwenye ofisi yao mpya ya Sebule, na ni mara ya kwanza anafanya kazi inayolingana na elimu yake, hivyo nikiharibu mimi, anaumia yeye. Anasema kila mtu anajua Sebule ni yangu. Nikamwambia anitajie hata mmoja, akanyamaza, na tangu hapo tunaongea habari za sabuni na mkaa tu, kama wapangaji.

Dada Teddy, kinachonifanya nikuandikie ni hiki. Hata baada ya kuihamishia Sebule kwenye seva ya kukodi, neno langu la siri hawajalibadilisha. Nimekwishaiandaa amri ya kufuta. Wakiwa jukwaani wanaionesha, naweza kuifuta yote nikiwa nyumbani kwangu na kahawa yangu, na mbele ya wageni wao libaki dirisha tupu. Kila nikiwazia jambo hilo napata raha inayonitisha mwenyewe. Nifanye hivyo, au niende nikawashukuru?

Abuu Kombo, Bagamoyo

*

Marahaba, Abuu.

Nilimwomba fundi wetu wa mitambo anifungulie hiyo Sebule Mpya kwenye kompyuta inayoongea, nikafumba macho nikasikiliza. Sikumaliza hata kikombe cha chai kabla ya kuizima. Kwa hiyo tusipotezeane muda kujadili kama umeonewa. Umeonewa, na aliyekuonea amefanya hivyo kwa mkono ule ule aliokuwa akikuongozea, ndiyo maana inauma hivi. Upole wa jibu lake usikuchanganye. Mtu anaweza kukudhulumu bila kupandisha sauti.

Lakini na wewe nikuseme. Ulisimama jukwaani ukisubiri mwingine akutaje, na kipaza sauti kilikuwa karibu yako. Nakuelewa, ulishtuka, na mshtuko hufunga kinywa. Je, siku zilizofuata? Uliuliza mara moja njiani, ukajibiwa ovyo, ukaenda nyumbani kuandaa amri ya kufuta. Kati ya kunyamaza na kuteketeza kuna maneno mengi ambayo mtu mzima anaweza kuyasema, nawe hujayasema hata moja.

Hiyo amri ifute yenyewe. Sikuambii hivyo kwa kumhurumia Adrian. Siku utakayoifuta Sebule, habari itakayosambaa ni ya kipofu aliyesaidiwa akalipiza kwa uharibifu, na hapo hutapata tena wa kumweleza kwamba ulikuwa fundi, kwa sababu wewe mwenyewe utakuwa umeuharibu ushahidi. Na wale wanafunzi waliomo, wamekukosea nini? Isitoshe, kuingia kwenye seva ya watu na kufuta ni kesi, na Zaina ndiye atakayekuletea chakula mahabusu.

Nikija kwa Zaina, unamlaumu kwa kunyamaza. Mimi nadhani amenyamaza kwa sababu alijua jibu na limemwaibisha. Umemweleza Dada Teddy, usiyemjua, kuhusu ile raha inayokutisha. Yeye umemweleza habari za mkaa. Leo ukimaliza kusikiliza kipindi hiki, mkalishe, mwambie yote, pamoja na ile amri, kisha muulize anaogopa nini, umwache amalize. Akikuambia anaogopa kukosa kazi, usimwone msaliti. Ni hofu ya haki. Ila naye ajue kwamba mshahara huo unalindwa na uongo unaomla mumewe.

Halafu, Sebule ya zamani bado unayo? Mtu aliyeijenga hawezi kuwa hana nakala. Iwashe tena kwenye seva yako ya nyumbani, kama ilivyokuwa, bila fremu, bila rangi. Hukuhitaji ruhusa ya mtu mwanzo na huihitaji sasa. Ukiiwasha, usimpigie simu Mwalimu Klementina, nenda Kerege mwenyewe. Yule mama ameamini akili yake imechoka kwa sababu ya mistari ya kupendezesha skrini, na amegawa kompyuta yake kwa aibu. Wewe ulikuwa na uchungu wako, nimeelewa, lakini ulimwacha peke yake na huo wake. Tafuteni kompyuta nyingine, hata ya mtumba, ukae naye mpaka aingie.

Kwa Adrian, usimwandikie ujumbe. Mwite nyumbani kabla ya mkutano, Zaina akiwepo, na umwambie mambo mawili tu. La kwanza, utatambulishwa kwa jina lako na kazi yako: aliyeibuni na kuijenga. La pili, Sebule Mpya haioneshwi mahali popote kwa jina la vipofu mpaka kipofu aweze kuitumia. Usilie, usimkumbushe ya chuoni, na akianza kuyakumbusha yeye, msikilize kisha urudie mambo yako mawili. Huenda urafiki wenu usipone. Sikuahidi kitu hapo, na ningekudanganya kama ningekuahidi.

Akikubali, nenda Dar es Salaam ukaongee kama fundi. Akikataa, usiende. Baki Bagamoyo, una watu wanaosubiri mlango ufunguliwe.

Dada Teddy