Mzee Melkiori na Harufu Chini ya Siti

Jumanne, Gungu. Asubuhi mvua, mchana jua kali la kulipiza, na sasa upepo wa ziwani unapiga pazia. Nimekaa na chai iliyopoa zamani. Nina furaha na nina aibu, na sijui niandike kipi kwanza.

Nianze na furaha.

Mimi ni muuguzi, na leo ilikuwa zamu yangu kupeleka chanjo ya surua kambini, kwa wakimbizi wa Burundi. Gari la ofisi liko gereji, nikatoa letu la nyumbani, lile kuukuu lenye injini chini ya siti ya dereva. Nyuma nilipakia makasha manne yenye barafu ya kufika saa kumi jioni tu. Barafu ikiisha, chanjo inamwagwa, na surua imeshaingia kambini, haisubiri mtu.

Mlima wa mwisho kabla ya kizuizi cha kambi, nikasikia harufu. Kitu kinaungua chini yangu mwenyewe! Moshi ukapanda katikati ya miguu. Nikazima, nikaruka nje, nikampigia fundi wangu wa hapa Gungu. Hata sijamaliza kueleza, akakata shauri: "Gasketi hiyo, dada, imekwenda. Usiwashe kabisa. Nakuja kesho nishushe injini."

Kesho! Gari jingine halikupatikana, bodaboda haziruhusiwi kupita kizuizi, na kituo cha chanjo kiko mwisho kabisa wa kambi. Ilikuwa saa saba na nusu.

Nikatembea hadi kizuizini. Wanawake waliokuwa upande wa ndani na mafungu yao ya nyanya, niliposema natafuta fundi, wote walitaja jina moja. Akaja Mzee Melkiori: mfupi, kofia ya sufu juani, bisibisi moja na kitambaa mkononi. Nikamwamkia, akaitikia taratibu, kisha akakitazama kizuizi. Mkimbizi hatoki bila kibali, hilo kila mtu analijua. Mlinzi alikuwa upande wa pili anakagua lori.

Nikamwambia, "Njoo tu Mzee, ni hapo hapo, unaliona."

Akaja. Mimi ndiye niliyemwita. Naliandika hili makusudi.

Bisibisi hakuigusa. Alisimama mlangoni mwa gari, akafumba macho, akavuta pumzi kama mtu anayenusa mchuzi wa jirani. Akasema, "Mama, humu kuna mtu anachoma mawese."

Nikadhani ananitania. Hata! Akanieleza kwa upole kwamba mpira ukiungua unakwaruza koo, nyaya zinachoma pua, oili ya injini ni kali na inaganda nguoni. "Hii inanukia chakula." Akainua siti. Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakitumbukiza tena: oili ipo, safi. Maji ya rejeta yamejaa, hayana utando wa mafuta. "Ego," akasema kwa Kirundi chake, yaani ndiyo, "injini yako nzima." Kisha akapitisha kidole pembeni ya injini, kikatoka chekundu, akakilamba. Akacheka mpaka kofia ikamvuka.

Subhanallah, mawese yangu! Jumamosi nilinunua dumu kule Ilagala. Kwa baridi ya asubuhi yalikuwa yameganda, nikaona hata kifuniko nikikikaza nusu, yataenda wapi? Jua likayayeyusha njiani, yakavuja. Gunia nililotandika chini ya dumu, limelowa mawese, nikalisukumia chini ya siti, nikalisahau. Miaka mitatu niko Kigoma, majirani zangu wote wanachoma mawese mpaka wekundu uishe ndipo wakaange dagaa, lakini mimi mtu wa Tanga, jikoni kwangu ni nazi tu. Harufu ile haikuniambia kitu. Fundi wa Gungu angeijua hata usingizini, ila kwenye simu pua haifanyi kazi.

Ncha ya gunia ilikuwa imelalia ekzosi, imeshaanza kuwa jivu. Ningekaidi nikaendelea, ningeungua na chanjo zangu.

Akanituma majivu ya jikoni kwa wale wanawake. Akasubiri injini ipoe, akasugua kama anayesugua sufuria ya ugali, akafuta, akasugua tena. Waya mmoja ulikuwa umeanza kulainika ganda, akausogeza mbali na joto na kuufunga vizuri. Nimewaona mafundi wengi wenye vyombo vya kila aina. Sijawahi kuona fundi analiuliza gari kwanza kabla ya kulifungua. Wallahi yule mzee ni bingwa.

Saa tisa kasoro gari likawaka, halina moshi. Mzee akakaa kando yangu, tukafika kizuizini.

"Wewe mzee, nani amekutoa nje?" mlinzi akauliza.

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikaifikiria kazi yangu, nikaifikiria barua ya onyo.

Nikainamia usukani.

"Nimetoka mwenyewe, afande," Mzee Melkiori akasema. "Nilisikia harufu."

Mlinzi akaandika jina lake. Kesho saa mbili asubuhi afike ofisi ya kambi, na wanaokutwa nje bila kibali hulala ndani siku kadhaa, pengine na kibanda chake cha ufundi kifungwe. Akashuka. Ndipo mdomo wangu ukafunguka, umechelewa. Akanipungia mkono: "Nenda Mama, barafu inayeyuka."

Nikaenda. Watoto wote waliokuwa foleni wamechanjwa, na barafu ilibaki vipande. Akina mama wakanishika mikono wakinishukuru. Mimi!

Sijui mtu aliyepoteza nyumba na nchi anautoa wapi moyo wa kunilinda mimi mwenye vyote viwili. Nimetega simu iniamshe saa kumi alfajiri. Saa mbili nitakuwa mlangoni pa ofisi ile kabla yake, niseme mbele ya yeyote atakayekuwepo kwamba niliyemtoa nje ni mimi. Barua ya onyo waiandike, nitaipokea. Mzee wa watu asiseme uongo mara ya pili kwa ajili yangu.