Ampea Kumi kwa Matundu Manane

Jumatatu, 5 Juni 2006

Ufuta tena. Kukung'uta tangu asubuhi, turubai limejaa, shingo inawasha. Mama anasema likizo ni ya shule, siyo ya mikono.

Saa kumi akaja mjomba Issa na pikipiki yake. Amepewa kazi ya kufunga umeme kwenye kituo kipya cha kompyuta, hapa hapa Nachingwea mjini. Kompyuta nane, printa, na kabati la chuma la kubebea seva na vifaa vya intaneti ya dishi. Kabati linataka ekstensheni yake maalumu, ya kufungwa ndani, ndiyo igawe umeme kwa vyote. Duka moja la Mtwara limemletea karatasi za aina mbili achague. Zote Kiingereza. Mjomba aliishia darasa la saba, umeme alijifunza kwa mikono kwenye kiwanda cha korosho. Kwa hiyo keshokutwa naenda naye kwenye kikao cha kuchagua, nikamsomee.

Mimi. Kusoma mbele za watu.

Jumatano, 7 Juni

Naandika hili kwa sababu hakuna wa kumwambia.

Kikaoni walikuwa watu sita. Ninaowajua ni wawili: Mwalimu Rehema, mkuu wa kituo, na Bwana Ngonyani wa stoo. Huyu ni Mngoni wa Songea, mtani wetu sisi Wamwera. Karatasi mbili mezani. Ya kwanza, ekstensheni nyeupe, matundu manane, taa ya buluu, inang'aa kama simu mpya. Ya pili, ekstensheni ya chuma bapa, nyeusi, mbaya kwa sura, ina swichi inayojikata yenyewe mzigo ukizidi, na kidirisha cha kuonyesha ampea. Mjomba alishaipenda nyeupe. Ilijulikana kabla sijafungua mdomo.

Nikasoma. Sauti kama ya mbu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba mwisho wake ni ampea kumi kwa matundu yote pamoja. Nikaanza kutafsiri, "Mwisho wake ampea kumi," na kabla sijamalizia mjomba akadakia.

"Mmesikia? Kila tundu ampea kumi! Matundu manane, themanini hizo. Hata mashine ya kukoboa unachomeka. Siyo, mwanangu?"

Wote wakanitazama.

"Ndiyo, mjomba."

Sikukosea kusoma. Nilielewa vizuri kabisa. Nikasema ndiyo.

Wakapitisha nyeupe. Nikapewa soda. Nikainywa yote.

Ijumaa, 9 Juni

Nimepiga hesabu nyuma ya daftari la Fizikia. Darasani tunahesabu kwa Kiingereza. Hii nimeifanya kwa Kiswahili, sijui kwa nini, labda ili isifanane na mtihani.

Kompyuta moja na kioo chake kile chenye mgongo, wati mia mbili na hamsini. Mara nane, elfu mbili. Seva, mia nne. Printa ikiwa inapasha moto, mia sita. Feni na vifaa vya dishi, tuseme mia. Jumla elfu tatu na mia moja. Gawanya kwa volti mia mbili na thelathini.

Kumi na tatu na nusu.

Kumi na tatu na nusu ndani ya kumi. Mjomba anataka kompyuta zote zipitie kabatini ili Mwalimu Rehema azizime kwa swichi moja. Wazo zuri. Waya ule haujui kuwa ni wazo zuri.

Nimerudia mara tatu. Mimi ni mwoga.

Jumapili, 11 Juni

Nimemwambia Mama nusu ya jambo. Kwamba pengine mjomba amechagua vibaya. Sikumwambia kuhusu ile ndiyo yangu.

Mama hakuacha kupeta. Akasema kwetu mtoto ni wa mjomba, na mimi zaidi. Baba aliporudi kwao Ruponda, ni mjomba aliyeuza baiskeli nikaingia sekondari. Haya nayajua, nimeyasikia mara mia. Mjomba hakosolewi mbele za watu, akasema. Tena na mtoto wa kike. Tena aliyemlea.

"Ukiwa na neno zito, mpe mtani alibebe. Mtani hachukiwi."

Mtani ni Bwana Ngonyani. Kumwendea na kumwambia maneno kumi mfululizo. Afadhali kupeta ufuta wa wilaya nzima.

Jumanne, 13 Juni

Imefungwa. Nilikuwepo, nilishika tochi. Nyeupe imekaa ndani ya kabati jeusi kama jino la dhahabu. Taa ya buluu inawaka. Wamewasha seva na kompyuta tatu. Hakuna kilichotokea.

Labda nimekosea hesabu. Naomba niwe nimekosea.

Alhamisi, 15 Juni

Ruangwa na mjomba. Vumbi lote la barabara nimerudi nalo masikioni.

Huko nako wanataka kituo kama cha kwetu. Chumba kipo, kitupu, kinanuka popo. Wamemwambia mjomba kwamba cha Nachingwea kikifunguliwa salama, hiki pia ni chake. Ufunguzi ni Jumatatu. Mjomba alitembea chumba kizima akihesabu hatua, akichora ukutani kwa chaki, hapa soketi, hapa kabati. Sijamwona hivi tangu kiwanda kilipofungwa. Amekaa miaka akitengeneza redio na pasi za watu.

Tulipokwenda kula wali kwa mama mmoja sokoni, akawaambia waliokuwepo, "Huyu Somoe mnayemwona hivi, ndiye injinia wangu. Kiingereza chote anacho kichwani. Yeye ndiye aliyenisomea mtambo."

Mmoja akacheka, "Mbona hasemi sasa, huyo injinia?"

"Wenye akili hawana kelele," mjomba akamjibu.

Nilishindwa kumaliza wali. Nilisema nina kichefuchefu cha pikipiki. Uongo wa pili.

Ijumaa, 16 Juni

Nimekwenda kwa Bwana Ngonyani. Nimefika mlangoni mwa stoo mara mbili nikageuka. Mara ya tatu akaniita yeye, akauliza kama naiba au nanunua. Nikamwambia yote bila kumtazama: kumi kwa zote, siyo kwa kila tundu. Nikamwonyesha daftari. Ile ndiyo yangu nayo nikamwambia. Akasema, niachie mimi huyo Mmwera.

Baada ya swala ya Ijumaa mjomba akaja kituoni. Mwalimu Rehema alikuwepo na mafundi rangi wawili. Ngonyani akaanza, sauti juu.

"Wee mla panya! Hilo dude lako jeupe litatubanika wote Jumatatu! Limezidiwa! Chuma kile cheusi ndicho chenye akili, lakini Mmwera na kitu kinachong'aa, utamwambia nini?"

"Mwizi wa watu wewe!" mjomba akamrudishia. "Babu zako walitoka Songea kuja kutuiba, na wewe leo tumekuweka stoo ili tukuone vizuri!"

"Bora mwizi, anakimbia moto. Wewe utabaki hapo na plaizi mkononi."

"Nikibaki, utanizika wewe. Na sanda utaiba!"

Watu wakacheka mpaka fundi rangi mmoja akakaa chini. Mjomba ndiye aliyecheka kuliko wote. Mwalimu Rehema alikuwa anafuta machozi. Ngonyani akajaribu tena, safari hii bila kucheka, akasema, "Issa, nasema kweli." Wakacheka zaidi. Nani anamwamini mtani anayesema kweli?

Ngonyani alipopita mlangoni aliniangalia na kuinua mabega. Kwa mtani unaweza kusema lolote. Ndiyo maana halikusikika.

Sasa sina wa kumtuma.

Jumamosi, 17 Juni

Leo nimefanya jambo baya au zuri. Sijajua.

Yalikuwa majaribio. Vitu vyote viwashwe pamoja, kama itakavyokuwa Jumatatu watoto wa shule tatu watakapokuja. Kompyuta ya kwanza, ya pili, mpaka ya nane. Mwalimu Rehema akapiga makofi. Printa ikaanza kutoa karatasi. Nilisimama karibu na kabati. Kwanza joto. Halafu harufu, ile ya sahani ya plastiki ukiiweka karibu na jiko. Plagi ya ile nyeupe ilikuwa imeanza kuwa kahawia ubavuni, kama mkate.

Mwalimu Rehema akauliza ni harufu gani. Mjomba akasema upya huo, plastiki mpya lazima inuke.

Nilimtafuta Ngonyani kwa macho. Alikuwa ananitazama mimi.

Nilitaka kusema mjomba umekosea. Haikutoka. Haiwezi kutoka, naona haikuumbwa kinywani mwangu. Nikasema kilichokuwepo.

"Mjomba, mimi nilisema uongo."

Akageuka.

"Siku ile ya kikao. Uliponiuliza, nikasema ndiyo. Siyo ndiyo. Karatasi inasema kumi kwa matundu yote. Hapa sasa ni kumi na tatu na nusu. Nilijua, nikanyamaza."

Nilisema kwa sauti ya kawaida. Mpaka mwisho.

Hakuna aliyecheka. Mjomba alitazama plagi, akanitazama mimi. Akaenda ukutani akazima swichi kubwa. Vioo vyote vinane vikafa kwa mpigo. Akaweka kiganja juu ya ile nyeupe na kukitoa haraka.

"Ulijua tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

Akachukua koti lake. Pikipiki ikawaka, ikaondoka. Mwalimu Rehema akasema ufunguzi umeahirishwa, halafu akaniambia niende nyumbani nikapumzike, kwa upole ambao ulinichoma kuliko matusi.

Jumatatu, 19 Juni

Mjomba hajaja. Mama ameshasikia, mji mdogo huu. Hajanigombeza. Ameweka chakula na kusema, "Kula." Ni hilo tu kwa siku nzima.

Nimempotezea Ruangwa. Naliandika hivyo hivyo: nimempotezea Ruangwa. Ningesema siku ya kwanza angeona haya dakika tano, basi.

Jumatano, 21 Juni

Kaja. "Shikamoo mjomba." Akaitikia. Akaniambia panda.

Kikao kile kile, watu wale wale. Akaweka ile nyeupe mezani, ameifungua kwa bisibisi. Akawaonyesha. Ndani, matundu yote manane yanakula kwenye bamba moja la shaba, jembamba kama ukucha, na plastiki yake imeanza kulainika. Alieleza polepole. Sura inakaa nje, alisema, kazi inafanywa na hiki kilichofichwa.

Halafu akasema, "Mtoto alisoma sawasawa. Alikuwa bado anatafsiri, mimi nikamkatiza. Nikamuuliza swali ambalo jibu lake nilishalitoa mwenyewe. Kosa ni langu."

Ngonyani alifungua mdomo. Nadhani utani ulikuwa tayari. Akaufunga.

Safari hii walichagua kwa maswali. Mjomba akiuliza, mimi nikisoma, Mwalimu Rehema akisoma baada yangu kuhakikisha. Inabeba ampea ngapi kwa jumla? Mzigo wetu ni ngapi, na tuache nafasi kiasi gani? Ikizidiwa inajikata au inaungua? Umeme wetu unayumba, itavumilia? Ikifa katikati ya masika, kipuri kinapatikana wapi? Nyeusi ikajibu karibu yote. Zitaagizwa mbili, kila moja na laini yake kutoka kwenye swichi kuu, ili moja ikifa seva isife. Kompyuta za wanafunzi zinatoka kabatini kabisa, zinapewa soketi za ukutani na waya wao mnene. Ile swichi moja ya kuzimia zote, basi tena.

Ruangwa wamempa fundi wa Lindi. Mwalimu Rehema alilisema mwisho, akitazama karatasi zake. Mjomba akasema ni haki yao.

Njiani kurudi aliendesha polepole. Sikujua ni kwa sababu ya barabara au ya Ruangwa.

Jumatano, 28 Juni

Kituo kimefunguliwa, bila mbwembwe. Kabla ya watoto kuingia mjomba aliwasha kila kitu kwa saa tatu nzima, akikaa kwenye kigoda mbele ya kabati. Kidirisha kimoja kilisoma mbili, kingine moja na kitu. Kila nusu saa aliandika. Hakuna harufu. Watoto wa shule ya Nambambo walikuwa wa kwanza, wanaogopa kipanya.

Nilifurahi. Nusu. Ile nusu nyingine ilikuwa Ruangwa, kwenye chumba chenye alama za chaki za mjomba, na mtu mwingine anazifuta.

Jumapili, 2 Julai

Tumeshinda kwa mjomba, tunamenya karanga za mbegu. Mimi, Mama, yeye, na majirani wawili.

Akaja mzee mmoja wa Chiola na jenereta dogo la mtumba kwenye baiskeli. Ana mashine ya kukoboa, alitaka kujua kama jenereta litaibeba. Mjomba akalizungusha, akapangusa vumbi kwa kiganja. Lebo ilikuwa imefutika, herufi mbili tatu tu zimebaki. Akaliinamisha upande wangu.

"Somoe. Litabeba?"

Wote wakanitazama, majirani, Mama, yule mzee amesimama bado ameshika baiskeli yake. Niliitazama lebo kwa muda. Niligeuza na upande wa nyuma.

"Sijui, mjomba."

Yule mzee akamtazama mjomba, akingoja.

"Basi hatuliwashi," mjomba akasema. "Liache hapa, tutalipima. Karibu ukae."

Akamsogezea kigoda. Tukaendelea kumenya.