Maji ya Samaki wa Daktari

Chang'ombe, 3 Agosti 1954

Dada yangu Mwanakombo,

Shikamoo, na asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mpwa wangu Mwanabaraka. Mie mwili mzima, roho ndiyo ina homa.

Daktari amekwenda Ulaya likizo, atarudi Novemba. Mie mpishi wake ameniachia nyumba, na sebuleni ameniachia tangi la kioo lenye maji ya bahari na samaki kumi na wanane wa rangi, ambao hawaliwi, wanatazamwa tu. Kabla ya kuondoka alinishika bega: "Jabiri, nitunzie hawa. Nikirudi nikawakuta wazima, nitamwandikia yule mpwa wako barua akasomee unesi." Dada, unajua bila barua ya mtu kama yeye, mtoto wa Kunduchi hapokelewi. Na maombi yanafungwa mwisho wa Novemba.

Sasa wamekufa saba. Waliobaki wanahema juujuu.

Wewe unakwenda mwambani kuchokoa pweza kila maji yakitoka. Nikamatie mfano wao: vipepeo wa manjano, na wale wekundu wenye mikanda myeupe. Watie kwenye debe umpe Fakihi, dereva wa lori la chumvi. Daktari hatajua kitu, samaki hawana majina.

Nduguyo mdogo,
Jabiri

Kunduchi, 10 Agosti 1954

Mdogo wangu Jabiri,

Marahaba. Sie wazima, tunachoka tu na jua la mashamba ya chumvi. Mie nasema, Mwanabaraka anaandika, naye anacheka hata wino unamwagika.

Toka nizaliwe sijasikia samaki kujengewa nyumba ya kioo, na sie wenye akili tunavujiwa na makuti! Haya, nimekunasia sita kwa kanga kwenye vidimbwi vya mwambani. Debe nimelifunika jani la mgomba wasipigwe na jua. Mwambie Daktari wako kuwa mtoto wangu ana mama.

Lakini niambie, maji yao unayafanyaje? Samaki hafi bure.

Dadako,
Mwanakombo

Chang'ombe, 24 Agosti 1954

Dada,

Shikamoo. Nashukuru, afya njema. Samaki walifika, wanne wakiwa hai. Ila yule wa madoadoa uliyeniongezea kwa mapenzi yako ni chewa, dada! Kammeza mwenziwe mchana kweupe, nami nimesimama na ufagio mkononi. Nikamtoa, nikampika kwa nazi, nikamla kwa hasira.

Wale wengine nao wamekufa. Nitumie kumi, tafadhali. Habari ya maji usiwe na wasiwasi, mie si mtoto.

Nduguyo,
Jabiri

Kunduchi, 12 Septemba 1954

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimekawia kwa sababu nilingoja bamvua, bahari itoke mbali. Hawa hapa tisa. Nilikanyaga taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, akanichoma mguuni. Nimefunga kitambaa, usitie maanani.

Nilikuuliza maji, hukunijibu.

Dadako,
Mwanakombo

Chang'ombe, 30 Septemba 1954

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui hata niulize afya kwa mdomo gani.

Wamebaki wawili. Wawili, dada! Wengine nimewafukia nyuma ya jiko, paka wamewafukua. Jana imekuja barua ya Daktari: atafika tarehe kumi na mbili Novemba, na anauliza samaki wake wanaendeleaje. Nikisema kweli, Mwanabaraka kakosa. Nikisema uongo, atafika na kuuona.

Wala si uvivu, Mungu shahidi. Kila asubuhi nakuta maji yamepungua kama vidole viwili kwa hili joto, nami kila asubuhi natoka na baiskeli hadi pwani ya Mtoni, najaza debe maji ya bahari, narudi kuyarudishia. Miezi miwili sijakosa hata siku moja. Wala nguo zangu hazikauki chumvi. Nini tena nilichokosa?

Nisaidie, dada. Sina mwingine.

Jabiri

Kunduchi, 4 Oktoba 1954

Jabiri, Jabiri!

Marahaba. Umetuchinja, ndugu yangu. Mwanabaraka ameacha kuandika kwanza, analia na kucheka pamoja.

Uliondoka hapa kabla mashamba ya chumvi hayajachimbwa, sikulaumu. Sie kazi yetu ndiyo hiyo: tunaingiza maji ya bahari, jua linayanywa, tunaingiza mengine, linayanywa. Jua linakunywa maji, chumvi halinywi. Siku ya mwisho tunakomba chumvi kwa majembe. Nawe umekuwa ukifanya hivyo hivyo sebuleni kwa Daktari, na samaki ndani yake! Ungeniambia toka Agosti.

Mwaga yote. Tia maji mapya ya bahari mara moja tu, halafu kila yakipungua rudishia maji ya kisima. Ya kisima, Jabiri.

Mwisho wa Oktoba kuna bamvua, nitaingia tena. Mguu umevimba, lakini wanasema maji ya bahari ni dawa.

Dadako,
Mwanakombo

Chang'ombe, 15 Novemba 1954

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo! Shikamoo mara mia!

Daktari amefika, Landrova lake liko mlangoni tena, na tangi lina samaki kumi na saba, wazima, wanakimbizana. Wote kumi na tano wa debe lako la mwisho wamepona. Alipiga magoti mbele ya kioo hata hajavua kofia. Akasema wamenawiri kuliko alivyowaacha, mie nikaenda kumchemshia chai. Halafu akakaa mezani akaandika barua ya Mwanabaraka, akatia sahihi. Nimeitia humu ndani. Aipeleke yeye mwenyewe chuoni kabla ya mwisho wa mwezi.

Ila mbona kimya? Debe lilikuja bila hata neno. Mmeninunia kwa ujinga wangu? Nina haki ya kununiwa, lakini nijibuni.

Nduguyo mwenye furaha,
Jabiri

Kunduchi, 16 Novemba 1954, saa nne asubuhi

Mjomba Jabiri,

Shikamoo. Leo si mama anayesema, ni mimi.

Mguu wake ule wa taa haukupona. Ulipotuandikia kuwa wamebaki wawili, mguu ulikuwa tayari unatoa usaha. Nilimkataza kuingia baharini tena. Akanijibu, "Mjomba wako akikosa samaki, wewe utakosa barua." Akaingia na fimbo, maji yakimfika kiunoni, akatoka akitambaa na debe mbele yake. Akanikataza kukuandikia. Mjomba, sikukununia. Niliogopa, na nilikuwa naitaka ile barua.

Sasa mguu ni mweusi hadi kifundo. Tangu jana mama haniitikii, ananiita kwa jina la bibi. Mganga wa zahanati amesema afikishwe hospitali kubwa leo, asipofika leo basi. Mvua imekata barabara ya mjini na lori halipiti, Fakihi kaleta barua yako kwa baiskeli. Landrova la Daktari litapita.

Barua ya Daktari nimeisoma. Jina langu ameliandika vizuri. Nimeigeuza, nami nimeandika haya nyuma yake, makusudi. Najua chuo hakitaipokea hivi. Daktari anasoma Kiswahili, basi mpe mkononi, asome pande zote mbili, ajue samaki wake walitoka wapi na nani aliwatoa. Kisha aje na gari. Usimngoje amalize kula, wala usiogope kazi yako.

Akitaka kuniandikia nyingine ataandika. Asipotaka, aje tu.

Fakihi amepanda baiskeli, anangoja karatasi.

Mpwa wako,
Mwanabaraka